Mikojo inayotoroka bamama: si laana ya ukoo, na si sababu ya kunyimwa matunzo

Siku moja ya posho, kisha saa sita, tulikuwa na mukutano wa jamaa za watumikaji hapa Hewa Bora. Tuliita watu juu ya jambo moja tu: matunzo ya lopitali kwa wake na watoto wa wale wanaotumika katika makampuni madogo yanayotoa watu kwa makampuni makubwa ya mukuba. Watu walisema, walikasirika, walicheka, mwisho wakaenda kwao. Mama mumoja akabaki kwenye kiti. Tulimwambia: «Mama, mukutano umekwisha.» Akajibu: «Muende tu, minakuya.» Lakini hakusimama. Ilibidi mama wa komite yetu amukaribie, wakasema kwa sauti ya chini, kisha huyu wa komite akafungua kikwembe chake cha juu na kumufunga nacho kiunoni. Ndipo yule mama akasimama. Kiti kilikuwa kimelowana.

Kisha juma moja alitufikia tena, pamoja na binti yake, na akatupa ruhusa ya kuandika maneno yake bila kutaja jina.

«Miye nilizala batoto sita. Kama minakohoa, inatoka. Kama minacheka, inatoka. Kama minabeba bidoni ya maji, inatoka. Mama yangu alikuwa nayo vile vile. Yaya yangu iko nayo. Sasa huyu mutoto wangu ametoka kuzala wa kwanza, na yeye ameanza. Tulienda ku dispanseri ya kazi ya bwana. Banatujibu asema: hii ni ya kuzaliwa nayo, ni ya jamaa yenu, haina dawa, kampuni hailipe. Basi tukarudia.»

Sisi wa sendika tumezoea majibu ya dispanseri. «Dawa zimeisha», tunajua namna ya kujibu. «Rudi kesho», tunajua pia. Lakini hili la «ni ya jamaa yenu» lilitushinda. Ni kweli kwamba mikojo inayotoroka inapita katika damu, toka mama mupaka binti? Na kama ni kweli, ina maana haina dawa? Hatukuwa na jibu. Tuliuliza wanganga, tukasoma, tukauliza tena pale ambapo hatukusikia vizuri. Haya ndiyo tuliyopata. Tunayaandika kwa bamama, lakini tunaomba babaa pia wayasome, kwa sababu matunzo ya lopitali yanapita kwa jina la baba katika nyumba nyingi zetu.

Ugonjwa wenye haya

Mutaa wetu unaitwa Hewa Bora, na ndani yake kuna wanawake wanaoogopa harufu yao wenyewe. Mama huyu aliacha kuimba katika kwaya, kwa sababu katika kwaya watu wanasimama na wanacheza. Mwingine alituambia kwamba kwenye matanga anakaa karibu na mulango, apate kutoka mbio. Mwingine hanywe maji tangu asubuhi kama ana safari ya kufika mjini. Na kuna wale ambao bwana amehamia kwenye chumba kingine bila kuuliza kitu.

Hawaongei juu ya hiyo. Mama anaficha kwa binti, binti anaficha kwa mama, na dada wawili wanalala kitanda kimoja miaka mingi bila kujua kwamba wote wawili wanaweka kitambaa. Ndiyo maana wengi wanazani wako peke yao. Hawako peke yao. Katika kila inchi ambako wanganga wameuliza wanawake vizuri, wamepata kwamba ugonjwa huu ni wa wengi sana, kwa matajiri na kwa maskini.

Maji yanazuiwa namna gani

Mutumikaji wa mugodi atasikia hili upesi. Kibofu ni kama tangi ndogo: kwa mutu mukubwa kinaweza kushika karibu nusu lita. Chini yake kuna bomba fupi, na kwenye bomba kuna misuli inayofunga kama robinet. Chini ya vyote, toka mufupa wa mbele mupaka mufupa wa mukia, kuna misuli mingine iliyotandikwa kama sakafu. Hiyo sakafu inashikilia kibofu, nyumba ya uzazi na matumbo. Ni sawa na miti na vyuma tunavyoweka kwenye galeri ili jiwe la juu lisituangukie, ila hapa kazi yake ni kushikilia kutoka chini.

Mikojo inatoroka kwa njia mbalimbali, na ni lazima kuzitenganisha, kwa sababu dawa si moja.

Ya kwanza ni ya nguvu: unakohoa, unapiga chafya, unainua muzigo, tumbo linasukuma chini, sakafu imelegea, tone linatoka. Ya pili ni ya haraka: kibofu chenyewe kinajikaza kabla ya wakati, unasikia mikojo imekushika, na haufike kwenye choo. Ya tatu ni hizo mbili pamoja. Ya nne ni tofauti kabisa: mikojo inapita muchana na usiku bila kusimama, mara nyingi kisha uzazi mugumu. Hiyo ya nne ni fistula, tutairudilia.

Damu inasema nini

Sasa swali lenyewe. Mwaka 2004, wanganga wa Norvege walitoa kazi kubwa waliyofanya na maelfu ya wanawake wa jimbo moja: mama na mabinti, dada wakubwa na dada wadogo. Walipata kwamba binti ambaye mama yake ana ugonjwa huu anaweza kuupata mara 1,3 zaidi ya binti ambaye mama yake hana. Kwa dada mudogo ambaye dada yake mukubwa anao, ni mara 1,6. Na kama mama anao kwa nguvu sana, hatari ya binti inakaribia kuwa mara mbili.

Tuliomba tuelezwe hesabu hii kwa mufano, na munganga mumoja alitupa huu. Tuseme, kati ya mabinti 100 ambao mama zao ni wazima, 20 watapata ugonjwa. Basi kati ya mabinti 100 ambao mama zao ni wagonjwa, watakuwa karibu 26. Ni wengi zaidi, ndiyo. Lakini muangalie upande mwingine: 74 hawataupata. Mama kuwa mugonjwa si hukumu juu ya binti.

Wanganga wa Suede nao walitumia njia ya mapacha. Kuna mapacha waliotoka katika yai moja, ambao damu yao ni moja kabisa, na mapacha wa mayai mawili, ambao wanafanana tu kama ndugu wengine. Kama ugonjwa unatoka kwa damu, mapacha wa yai moja watafanana zaidi katika ugonjwa. Ndivyo walivyoona mwaka 2008, kati ya wanawake waliopasuliwa juu ya mikojo ya nguvu ao juu ya nyumba ya uzazi kushuka. Walikadiria kwamba karibu 40 kwa mia ya tofauti kati ya mwanamuke na mwanamuke inatoka kwa urithi. Iliyobaki inatoka kwa maisha: kuzaa, kazi, uzito, magonjwa.

Kazi iliyotushangaza zaidi ilifanyika huko Rochester, Marekani. Munganga mumoja aliwauliza masista wa kanisa, wanawake ambao hawakuzaa hata mara moja. Karibu nusu yao walikuwa na mikojo inayotoroka. Kisha, mwaka 2005, alilinganisha dada wawili wawili wa mama mumoja, waliokwisha kuacha kwenda mwezini: mumoja alizaa, mwenzake hakuzaa. Kwa wale ambao hawakuzaa, 47,6 kwa mia walikuwa nao. Kwa wale waliozaa, 49,7 kwa mia. Karibu sawasawa! Na mara nyingi, kama dada mumoja anao, mwingine anao pia.

Je, maana yake kuzaa hakuna neno? Hapana. Huko Norvege, mwaka 2003, walihesabu wanawake wa chini ya miaka 65: kati ya wale ambao hawakuzaa, 10 kwa mia walikuwa na ugonjwa, kati ya wale waliozaa kwa kupasuliwa, karibu 16, kati ya wale waliozaa kwa njia ya kawaida, 21. Kwa hiyo kuzaa kunaongeza, tena sana, wakati mwanamuke angali na nguvu. Lakini uzee ukifika, tofauti hiyo inapungua, na damu ya jamaa na miaka yenyewe vinaonekana zaidi. Hakuna kupingana.

Kitu kinachopita toka mama kwenda kwa binti ni nini? Ni jeni, yaani maagizo madogo sana yaliyoandikwa katika ADN, ndani ya kila chembe ya mwili. Mengine yanaagiza namna ya kutengeneza kolajeni. Kolajeni ni kama kamba za chuma zinazoshikilia misuli, ngozi na viungo. Kuna watu ambao kamba zao zimezaliwa laini: vidole vyao vinapindika sana, viungo vinateguka upesi. Kuna magonjwa machache ya kurithi ambayo kolajeni ao kamba nyingine za mwili zimeharibika kwa nguvu, kama ule unaoitwa Ehlers-Danlos na ule wa Marfan, na wanawake wenye magonjwa hayo wanapata mikojo ya kutoroka mara nyingi, hata wakiwa vijana. Lakini hao ni wachache. Kwa wengi wetu hakuna jeni moja yenye kosa. Ni jeni nyingi, kila moja inaongeza kidogo, kama vile mawe madogo mengi yanavyojaza kamyo.

Wenye elimu wanaendelea kutafuta jeni hizo, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo wamefanya juu ya wanawake wa Ulaya na Marekani. Damu ya wanawake wa Afrika haijaangaliwa vya kutosha. Juu ya hii, mutu akikuja hapa mutaani kuuza kipimo cha kuona kama binti yako «ana ile jeni ya mikojo», ujue anatafuta falanga zako. Hakuna kipimo kama hicho kinachotumika katika lopitali.

Damu haisemi nini

Kuna neno tulilosikia mara nyingi tulipokuwa tukiuliza: «Usioe katika ile jamaa, bamama ya kule banajikojolea.» Na lingine: «Ni laana ya nkambo.» Tunajua jamaa moja ambako ndoa ilitaka kuvunjika juu ya maneno hayo, na wazee wa pande mbili walikutana kuuliza kama mahari irudishwe. Tunasema wazi: hapana. Mikojo ya kutoroka haitokani na ndumba, haitokani na uzinzi, na haikatwi na mutu wa kuombea anayeomba bahasha. Jamaa zinarithi pia urefu, macho, sukari na tansio. Nani anarudisha mahari juu ya tansio?

Na mufano wa mwisho, tuutoe kwetu. Wazee wote wanajua mugodi wa Kipushi. Chini kule kuna maji mengi. Ndivyo jiwe la pale lilivyo, hakuna aliyelichagua. Miaka mingi mapompa yalitoa maji hayo usiku na muchana, na watu walitumika zaidi ya metre 1.000 chini ya udongo wakiwa wakavu. Mwaka 2011 mapompa yalishindwa, na maji yakapanda. Kisha wakaleta mapompa mapya, maji yakashuka, na kazi ikarudi. Jiwe lilikuwa lile lile wakati wote. Damu ya jamaa ni kama jiwe: umeipata, haukuichagua. Mapompa na miti ya kushikilia ni matunzo. Yule anayesema «ni ya kuzaliwa nayo, haina dawa» anachanganya jiwe na pompa.

Tena, mwenye kujua kwamba mama yake na yaya yake wanao, ana faida. Anaweza kuanza kujikinga mapema. Ndiyo maana tunaomba mama aseme na binti, bila haya, mbele ya uzazi wa kwanza.

Neno juu ya watoto. Kukojoa kitandani nako kunapita katika jamaa. Kama baba na mama hawakukojoa kitandani walipokuwa wadogo, karibu mutoto 15 kwa 100 atafanya hivyo. Kama mumoja wao alikojoa, ni 44. Kama wote wawili walikojoa, ni 77. Basi, baba unayepiga mutoto asubuhi na kumubebesha godoro mbele ya jirani, uende kwanza kuuliza mama yako wewe ulilala namna gani.

Fistula ni jambo lingine

Kama mwanamuke alikaa siku mbili ao tatu katika uchungu wa kuzaa, na kisha hapo mikojo inapita bila kusimama, usizungumuze urithi. Kichwa cha mutoto kilikandamiza nyama kati ya kibofu na njia ya uzazi mupaka nyama ikakufa, tundu likafunguka. Hakuna jeni ndani yake. Ni njia ya lopitali iliyokuwa ndefu, ao pesa ya kupasuliwa iliyokosekana. Na hapa Kongo kuna wanawake waliopata tundu hilo kwa kutendewa ukali wa vita. Munganga Denis Mukwege, aliyepewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018, amewapasua wanawake wengi wa namna hiyo kwenye lopitali ya Panzi, Bukavu. Huko Goma, lopitali ya HEAL Africa inafanya pia kazi hiyo. Fistula inashonwa. Tarehe 23 ya mwezi wa tano kila mwaka ni siku ya dunia ya kuimaliza, na mara nyingi kampeni za kupasua bure zinatangazwa karibu na siku hiyo. Ukisikia tangazo katika radio, umujulishe yule jirani anayejificha.

Mambo ya kufanya nyumbani

Tulitaka kupata kitu ambacho mama anaweza kuanza leo, bila falanga. Kipo. Mwaka 1948 munganga wa Marekani aitwaye Arnold Kegel aliandika juu ya mazoezi ya misuli ya sakafu, na mupaka leo ndiyo dawa ya kwanza kwa mikojo ya nguvu, hata kwa mwenye damu ya jamaa.

Ukae ao ulale. Ufanye kama unazuia hewa isitoke nyuma na mikojo isitoke mbele, kwa wakati mumoja, kama unavuta kitu kuelekea juu. Usikaze matako, usikaze mapaja, usifunge pumzi. Ushike mupaka uhesabu tano, kisha uachilie mupaka uhesabu tano. Ufanye mara 8. Urudilie mara tatu kwa siku: asubuhi, saa sita, usiku. Ukizoea, uhesabu mupaka kumi. Usifanye zoezi hili kila mara wakati wa kukojoa, linaweza kusumbua kibofu. Na uwe na uvumilivu: miezi mitatu kamili mbele ya kusema «haikusaidia». Mwenye mimba anaweza kuanza mbele ya kuzaa, na ni vizuri afanye hivyo. Kabla ya kukohoa ao kuinua muzigo, ukaze kwanza, kisha uinue.

Kwa ile ya haraka, ufundishe kibofu. Kama unaenda kwenye choo kila saa, ujaribu kungoja dakika kumi zaidi, juma linalofuata dakika kumi tena, mupaka ufike masaa mawili ao matatu. Upunguze kahawa na chai kali. Lakini usiache maji! Bamama wengi wanakausha midomo ili wasikojoe. Mikojo inakuwa mikali, inachoma kibofu, inaleta maambukizo, na ugonjwa unaongezeka.

Uzito una neno lake. Katika kazi moja ya Marekani iliyotoka mwaka 2009, wanawake wanene waliopunguza karibu kilo 8 kwa kila kilo 100 za mwili waliona mara za kutoroka zinapungua kwa karibu nusu. Kikohozi cha muda murefu kitunzwe. Tumbaku iachwe. Tumbo lisiachwe kufunga: sombe, lenga-lenga, matunda na maji yasaidie bukari kupita.

Na muzigo. Bidoni ya lita 20 ina kilo 20. Mufuko wa makala ni zaidi. Mama aliyezaa juma lililopita asiyabebe. Hapa tunasema na babaa na vijana: maji si kazi ya mama peke yake.

Usiingize majani ao unga wa kukausha katika njia ya uzazi, unajichoma bure. Na uende mbio kwa munganga kama kuna damu katika mikojo, homa na kuchomwa, mikojo kufungana kabisa, miguu kufa ganzi, ao mikojo kupita bila kusimama kisha kuzaa. Munganga atapima pia sukari, kwa sababu sukari nayo inaleta mikojo mingi. Mazoezi yakishindwa, kuna vidonge vya ile ya haraka, kuna kifaa cha kuwekwa ndani kushikilia, na kuna kupasuliwa. Hapa Lubumbashi tuna Sendwe, tuna kliniki za universite, tuna wanganga wa wanawake. Anayesema haina dawa, aulizwe ameitafuta wapi.

Haki yetu

Sasa turudie kwa ile dispanseri. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inasema wazi: mutumikishaji anapaswa kutunza mutumikaji na jamaa yake wakati wa ugonjwa, ajali, mimba na kuzaa: munganga, dawa, lopitali, kupasuliwa. Haisemi «isipokuwa ugonjwa wa kurithi». Kama ingesema hivyo, nani angetunzwa sukari? Nani angetunzwa SS, ugonjwa wa damu wa watoto wetu, ambao ni wa kurithi kabisa? Neno «ni ya jamaa yenu» linaweza kusaidia munganga kujua ugonjwa. Haliwezi kumusaidia mwenye kampuni kufunga kasa yake.

Wazee watakumbuka: tangu wakati wa Union Minière, kisha Gécamines, mama wa kambi alipimwa mimba na alizalia katika materinite ya kazi. Hatusemi yote yalikuwa mazuri wakati ule. Lakini mwaka 2003, watumikaji zaidi ya 10.000 wa Gécamines walipotoka kwa mupango wa départs volontaires, jamaa nyingi zilibaki bila dispanseri. Na leo kijana wa sous-traitance ana mukataba wa miezi mitatu, na bibi yake hana hata karatasi. Mikojo ya kutoroka inahitaji miezi mitatu ya mazoezi na kurudi kwa munganga. Mukataba unaisha kabla ya ugonjwa.

Kuna pia wanawake wanaotumika wenyewe katika kariere. Kuna wanaoendesha kamyo kubwa masaa kumi na mawili. Mwanaume anashuka, anageuka nyuma ya gurudumu, imekwisha. Mwanamuke aende wapi? Mumoja alituambia: «Minavaa pampers kama mutoto, na minazuia mupaka mwisho wa posti.» Kuzuia kila siku kunaumiza kibofu, na mwenye sakafu laini ya kurithi anaumia wa kwanza. Choo cha wanawake karibu na kazi si zawadi, ni chombo cha usalama, kama vile kofia.

Tulifanya nini? Tulimusindikiza mama yule na binti yake kwenye dispanseri, delege wawili, na maneno ya sheria mukononi, bila kelele. Tuliomba kitu kimoja: andikeni kwenye karatasi kwamba munakataa, na sababu, na mutie sahihi. Infirmye aliangalia karatasi, akaingia ndani, akakaa sana. Alipotoka alikuwa na barua ya kuwatuma kwa munganga wa wanawake. Hilo ndilo fundisho tunaloachia delege wote: usibishane kwa mudomo, uombe sahihi.

Binti alifanya mazoezi miezi mitatu. Anasema sasa anacheka bila kufunga miguu. Mama amepata nafuu lakini hajapona. Munganga amemwambia nyumba ya uzazi imeshuka, na tunangoja jibu la kampuni juu ya kupasuliwa. Juu ya vyoo vya wanawake tuliandika kwa makampuni mawili. Moja imejenga viwili. Nyingine haijajibu, na tutaandika tena.

Mukutano wetu wa bamama unaendelea hapa Hewa Bora, siku ya posho, kisha saa sita. Tumeweka sheria moja ndogo: mwisho wa mukutano, babaa wanatoka wa kwanza, na hakuna anayemuuliza mama mwingine juu ya nini angali amekaa.